Kabla Hujalipa, Geuza Mchoro Uone Mgongo

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa ni muuguzi hapa Dundee. Mwezi wa Agosti nilikwenda Pittenweem, kijiji cha pwani hapa Uskoti, siku zile wanapofungua nyumba na magereji kuonyesha michoro. Nikaipenda kazi ya mama mmoja Mskoti: bahari, vipande vya ramani, mchanga na dhahabu, sentimita 60 kwa 60 juu ya ubao, pauni 640. Pembeni ipo picha ileile kwa 220, halafu ileile tena kwa 85. Ya 640 na ya 220 zote zimeandikwa "mixed media". Nataka kumpelekea mama nyumbani kwetu Mji wa Kale. Ipi ndiyo halisi? Bei inaeleweka? Itastahimili hewa ya kwetu? Halafu mdogo wangu anaolewa Disemba. Nikishainunua naweza kuitumia picha hiyo kwenye kadi za harusi?

Jibu: Dada yangu, salamu nimezipokea. Mimi ni wa Tanga, kwa hiyo hewa unayoniulizia nimekulia ndani yake. Kazi yangu hapa Edinburgh ni kutia michoro fremu, na kuikarabati ikishaharibika. Nianze na jibu: ya 640 ndiyo kazi yenyewe, ya 220 iache, ya 85 ni chapa tu, yaani nakala ya printa, na haijidai kuwa kitu kingine. Lakini usitoe pesa kabla hujaigeuza hiyo ya 640 ukautazama mgongo wake. Wateja wangu huukodolea macho uso wa mchoro nusu saa nzima, kisha nikiwauliza nyuma kuna nini wananitazama kama nimewauliza umri wa mama zao.

Hayo maneno ya kwenye lebo ndiyo yaliyokuchanganya, na si wewe peke yako. Maana yake ni kwamba malighafi zimetumika zaidi ya moja: rangi na karatasi, wino na mchanga, chochote na chochote. Hayasemi zipi. Mtu aliyeanza na ubao mtupu, akabandika ramani, akapaka, akakwangua, akapaka tena wiki nzima, ana haki ya kuyaandika. Na mtu aliyeupiga mchoro huo picha kwa kamera, akautoa kwa printa ya wino juu ya turubai, kisha akapitisha brashi ya dhahabu mara tatu, naye huyaandika. Hiyo ya pili ni chapa iliyopambwa kwa mkono. Ikiitwa hivyo sina ugomvi nayo. Isipoitwa hivyo, mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Utazitofautisha kwa tochi ya simu. Iweke ubavuni mwa mchoro, mwanga upite juu ya uso kama jua la magharibi juu ya maji. Kwenye kazi ya mkono kila kipande cha karatasi kitatupa kivuli chake, na mikwaruzo ya brashi itafuata umbo la kile kilichochorwa. Kwenye chapa iliyopambwa uso ni laini kote, halafu ghafla unakuta tuta la rangi, mara nyingi kwenye povu la wimbi au kwenye jua, palepale jicho linapokimbilia. Ukiwa na lenzi ndogo, hata ile ya sonara, tazama sehemu ya anga iliyotulia: printa huacha vumbi la vidoti vya rangi tofauti, brashi haiachi. Ya 85 ni chapa hiyohiyo bila mapambo. Wauzaji wameipa jina la Kifaransa, giclée, litamke "jiklei", na nadhani sehemu ya bei inalipia jina. Si vibaya, wino mzuri kwenye karatasi isiyo na asidi hukaa miaka mingi. Ila namba kama 12/150 inayoandikwa kwa penseli pale chini inakueleza tu kwamba ni ya 12 kati ya 150 zilizotolewa, basi.

Usije sasa ukadharau kila kitu kinachoitwa chapa. Zipo chapa ambazo msanii huchonga mwenyewe lino, lile zulia gumu la sakafu, au ubao, au hukwangua bamba la shaba, au husukuma wino kupitia wavu, na kila karatasi hupita mkononi mwake. Hizo ni kazi halisi hata zikiwa 30, kwa sababu hakuna mchoro mwingine mahali ambao zimeunakili. Uskoti ina historia ndefu katika fani hiyo. Edinburgh Printmakers ilifunguliwa 1967 ili wasanii waje kutumia mashine ambazo wasingeweza kuzinunua, na hukohuko kwako, ndani ya Dundee Contemporary Arts, kuna karakana ya chapa. Ungekuwa na pauni 220 na si zaidi, ningekupeleka huko mwenyewe.

Sasa tuje kwenye mchoro wako. Kubandika vitu ndani ya rangi si mtindo wa juzi katika pwani hiyo. Mchoraji Joan Eardley, aliyefariki 1963 akiwa na miaka 42, alikuwa na nyumba Catterline, kijiji cha wavuvi kusini mwa Aberdeen, akichora bahari na mashamba akiwa nje, upepo ukimchapa. Kwenye baadhi ya michoro yake ya mashamba kuna majani na mbegu halisi zilizonasa katika rangi. Na alipowachora watoto wa Townhead kule Glasgow wakiwa mbele ya ukuta uliojaa maandishi ya chaki, alibandika gazeti na karatasi za kung'aa. Mchoro mmoja wa namna hiyo uko National Galleries of Scotland, na maelezo yake yanataja kila kitu: rangi ya mafuta, gazeti, karatasi ya metali, turubai. Umeona? Jumba la taifa linaorodhesha. Mwombe na huyo mama akuorodheshee. Aliyetengeneza kwa mkono wake atakutajia yote bila kufikiri, na huenda akakuchosha kwa habari za gundi.

Orodha hiyo naitaka kwa sababu kila kilichobandikwa kina umri wake. Karatasi ya gazeti ina lignini, ile gundi ya asili ya mti, na mwanga huigeuza. Iache dirishani wiki chache uone inavyokuwa rangi ya chai. Kuifunika kwa akriliki, ile plastiki ya majimaji ya kupaka, hakuiokoi, maana mwanga unapenya. Ramani za bahari huchapwa kwenye karatasi nzito na bora zaidi, kwa hiyo hapo sina wasiwasi mkubwa, ilimradi ni ramani yenyewe na si nakala iliyotolewa kwenye printa ya nyumbani, ambayo wino wake hufifia. Dhahabu: uliza kama ni jani la dhahabu ya kweli au la bandia. La kweli halibadiliki. La bandia ni shaba na zinki, na lisipozibwa vizuri kwa vanishi, hewa ya chumvi ya Mombasa italifanya kijani kama kitasa cha mlango wa kizamani.

Lakini mchanga, dada, mchanga ndio wenye kisa. Msanii akiuokota ufukoni akaubandika bila kuuosha kwa maji matamu, amebandika chumvi. Katika nyumba ya Dundee yenye hita, chumvi hiyo italala usingizi. Ukiupeleka Mji wa Kale itavuta maji kutoka hewani, itayaachia, itavuta tena, mpaka siku moja mama ataona unga mweupe juu ya bahari na kudhani ni povu alilolichora msanii. Nimeletewa mchoro wa namna hiyo uliokuwa umetundikwa bafuni, hapahapa Uskoti, na sikuweza kuitoa ile chumvi bila kuutoa mchanga wenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kumuuliza ni hili: mchanga uliuosha?

Na la pili ndilo la mgongo. Wakati wa baridi, hita ikiwaka kutwa, unyevu ndani ya nyumba za huku unaweza kushuka chini ya 40 kwa mia. Mombasa mara nyingi huzidi 70. Ubao uliozoea ukavu ukifikishwa huko hunywa maji na kutanuka, na vilivyobandikwa juu yake havitanuki kwa kipimo kilekile. Akriliki huvutika kidogo bila malalamiko. Karatasi hufanya mabaka ya hewa. Kama kuna plasta, hupasuka. Ndiyo maana aina ya ubao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: plaiwudi nzuri ina matabaka yaliyopishana, kila moja likilizuia lenzake, kwa hiyo hutulia. Hadibodi na MDF, mbao za nyuzi zilizoshindiliwa, hunywa maji kupitia kingo na mgongoni. Hili sisi tunalo mfano wake nyumbani. Edward Saidi Tingatinga na wanafunzi wake, Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, walichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na michoro ya mtindo huo naletewa na watu walioirithi kwa wazazi wao waliofanya kazi Tanzania. Rangi bado inang'aa kama jana. Kona za ubao ndizo zimevimba kama mkate uliolowa.

Ukigeuza mchoro ukakuta mgongo umepakwa, na kingo nazo zimepakwa, umekutana na fundi. Ukikuta ubao mtupu wa kahawia, si mwisho wa safari. Mwombe aupake akriliki mara mbili nyuma na pembeni kabla hujauchukua. Ni kazi ya jioni moja na hakuna msanii mwenye akili atakayekasirika ukimwambia unakwenda Mombasa. Hapohapo mgongoni tafuta jina la kazi, mwaka, sahihi na malighafi. Wengi huandika kwa mkono. Turubai lililofungwa mgongo kwa karatasi mpya ya kahawia bila neno lolote hunifanya nichukue tochi tena.

Bei. Pauni 640 kwa ukubwa huo, ikiwa na fremu, kwangu ni bei ya kawaida kwa msanii anayeuza mara kwa mara. Galari nyingi huchukua kati ya 40 na 50 kwa mia, kwa hiyo kazi hiyohiyo ikiuzwa ukutani mwa galari, mchoraji angeweza kubaki na 320 tu, na humo atoe ubao, rangi, fremu na petroli. Utaniuliza, sasa akiuza kwenye gereji yake mwenyewe si apunguze? Msanii makini hapunguzi, maana galari ikijua kwamba anaiuzia chini kwa mlango wa nyuma itamrudishia michoro yake yote. Kwa hiyo usiende na mambo ya Marikiti, kuanza na nusu ya bei na kujifanya unaondoka. Unachoweza kuomba ni kulipa kwa awamu. Wengi wanakubali wakishaona umeipenda kweli. Ukinunua kwenye galari iliyomo katika mpango wa Own Art, kuna mkopo usio na riba, kwa kawaida wa miezi 10.

Kama kuna mtu amekwambia itapanda thamani, mwache na ndoto zake. Michoro mingi haipandi. Herufi nyuma ya jina, kama RSA ya Royal Scottish Academy iliyoanzishwa 1826, au RSW ya chama cha wachoraji wa rangi za maji cha 1876, zinaonyesha kwamba wasanii wenzake wamemkubali, na hilo lina uzito. Lakini nimetia fremu kazi za watu wasio na herufi hata moja ambazo ningezichukua kwangu leo. Nunua kwa sababu mama ataitazama kila asubuhi akinywa chai.

Risiti usiipuuze. Iandikwe jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo, malighafi zote kwa majina yake, na neno moja la wazi kwamba imefanywa kwa mkono na ni moja tu. Hapa Uingereza sheria ya haki za mlaji ya 2015 inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kilingane na maelezo yake, kwa hiyo maelezo yakiwa na maji, na haki yako ina maji. Ukirudi nyumbani ukaagiza kwa intaneti, una siku 14 za kubadili nia, isipokuwa kama umemwagiza akuchoree kitu maalumu. Ukinunua ana kwa ana kwenye gereji, siku hizo huna. Hili wengi hawalijui mpaka wafike nyumbani na mume aseme rangi hailingani na makochi.

Kadi za harusi: hapana, mpaka umwombe. Ukinunua mchoro umenunua ubao na kilicho juu yake. Haki ya kuunakili inabaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa, kwake au kwa warithi wake. Mwandikie tu, mwambie ni kadi za mdogo wako, ngapi, na kwamba hutaziuza. Nadhani atafurahi. Labda atataka jina lake liandikwe nyuma kwa herufi ndogo, na ni haki yake.

Sasa safari, na hapa naungama dhambi yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliufunga mchoro wa akriliki kwa plastiki ya vipovu, vipovu vikigusa rangi, nikauacha karibu na hita siku mbili. Nilipoufungua, anga yote ilikuwa na duara ndogo ndogo zilizopangana kama magamba ya samaki. Akriliki haikauki ikawa mfupa. Kwenye joto hulainika na kunata. Kwa hiyo kwanza weka karatasi yenye silikoni, hata ile ya kuokea keki, tena usiikaze. Juu yake kadibodi, kisha plastiki ya vipovu na vipovu vitazame nje, kisha sanduku. Kwa mchoro wenye mchanga ningeweka na fremu ya mbao pembeni ili kitu chochote kisiguse uso kabisa. Kwenye baridi mambo hugeuka, akriliki hukakamaa na inaweza kupasuka ikigongwa, na huko chini ya ndege ni baridi. Sentimita 60 haziingii kwenye mizigo ya mkononi, kwa hiyo utaishia kuuweka huko. Sanduku la plaiwudi halina mbadala. Mkifika Mombasa usilifungue siku hiyo. Liache mpaka kesho yake, joto lilingane, la sivyo umande utatua juu ya rangi kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Bandarini au uwanja wa ndege watataka karatasi. Katika orodha ya forodha ya kimataifa michoro ya mkono na kolaji (kazi za kubandika) zina kifungu chao, 9701. Chapa ya printa haimo humo, inahesabiwa pamoja na karatasi zilizochapwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka lile neno "kwa mkono" kwenye risiti. Kiwango cha ushuru mwulize wakala wa forodha wa huko kabla hujakata tiketi.

Ukutani. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupumua maji. Usiuegemeze mchoro moja kwa moja. Gundisha vipande vinne vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu, kimoja kila kona, hewa ipite. Chagua ukuta wa ndani, usiopigwa na kusi na usiopokea jua la dirisha, wala usiwe chini ya kiyoyozi. Kioo sikishauri kwa kazi ya ubao iliyotiwa vanishi. Kitafungia unyevu ndani na ukungu utakushukuru. Mchwa utawaangalia kama unavyowaangalia kwenye kabati: mara moja kwa mwezi, geuza, tazama nyuma.

Na mwambie mama, kabla hata ya kumwonyesha, asiupanguse kwa kitambaa cha maji siku ya usafi wa Idi. Brashi laini kavu, ile ya kupakia poda, inatosha. Huyo mama Mskoti akikujibu kwamba mchanga aliuosha, ubao ni plaiwudi na nyuma amepaka, mlipe 640 zake.